Kaya ya Mtu Mmoja

Sehemu ya saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungia vitumbua kabla hujalisoma, usijali. Hukukosa habari njema, maana hazikuwepo.

Kwa ufupi tu: mimi ni Lwitiko, mzaliwa wa Itumba kule Ileje, fundi turubai hapa Tunduma. Nashona maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Foleni ikirefuka, mimi nakula. Nilijenga Mtaa wa Mwinuko kwa sababu ulikuwa mtaa wa utulivu, na mwaka haujaisha malori yakagundua kwamba unaweza kukata kona na kujipanga mbele ya mlango wangu. Vumbi likaingia. Honi zikaingia. Mwanangu Eva akaanza kukohoa, na mke wangu Ruti akafunga begi akarudi kwao Ihanda. Leo ni wiki kumi na moja.

Niliwaacha nikiwa nimeshika simu, nasoma ujumbe wa shangazi yake Ruti, Restuta: "Tunakuja Jumamosi na baba yake. Ruti atakuwepo. Usifagie sana. Tunataka kuona mtoto wetu anaishi wapi."

Nilifagia. Nilifagia hadi ufagio ukaanza kutoa vumbi lake mwenyewe.

Kuna jambo moja lazima ulijue, la sivyo hutaelewa yaliyonipata. Katika ukoo wa mzee Jastin, baba mkwe wangu, baba hakanyagi ndani ya nyumba ya binti yake aliyeolewa mpaka binti mwenyewe amnawishe mikono mlangoni. Anashika jagi na beseni, anammwagia baba yake maji, basi. Maana yake: hapa ni kwangu, baba, ingia. Asiponawishwa, mzee anakaa barazani, anakunywa chai yake, na akiondoka anaondoka na mtoto wake. Hakuna kikao, hakuna barua.

Kwa hiyo Jumamosi ile sikuwa nahitaji mbuzi wala soda. Nilihitaji jagi la maji, na mwanamke wa kulishika.

Ijumaa mchana, balozi wetu wa nyumba kumi akabisha hodi. Anaitwa Clever, na jina lake analiamini sana.

"Bashi-Eva!" Ndivyo anavyoniita, baba Eva kwa lugha ya ng'ambo, maana nusu ya ukoo wake uko Nakonde, upande wa Zambia. "Kesho kuna karani anapita na kishikwambi. Wanapima hali ya maisha ya watu wa mjini. Mtaa utakaoonekana una shida kuliko yote ndio unapata bomba."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi."

"Na wao wanasemaje?"

"Wao hawajasema. Ndiyo maana nasema mimi." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Kesho hakuna mtu mwenye raha hapa Mwinuko. Umenielewa? Madumu matupu yapangwe mlangoni. Yaliyojaa yafichwe. Dumu moja lililojaa likionekana, mtaa mzima umekwisha."

"Balozi, kesho nina wakwe."

"Vizuri! Na wao walie."

"Wanakuja kuangalia kama Ruti anaweza kuishi hapa. Kesho mimi nahitaji kuwa na raha."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayekataa dawa. "Raha utaipata Jumapili," akasema. "Kesho ni ya mtaa."

"Fanyeni mnavyotaka. Lakini maji yangu hayaguswi."

"Tutaona, Bashi-Eva."

Ningeyasikia vizuri maneno yale mawili, leo nisingekuwa nawaandikia.

Jumamosi saa kumi alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya bomba kule bondeni, mwanaume peke yangu katikati ya kina mama, na hakuna aliyenionea aibu. Nilirudi na madumu mawili yaliyojaa, nikayaficha jikoni nyuma ya mlango. Kisha nikaenda barabarani kuongea na madereva. Karibu wote nimewahi kuwashonea. Niliwaomba, kwa heshima zote, leo wasiegeshe mbele ya nyumba yangu mpaka wageni waondoke. Wakacheka, wakakubali. Saa nne kasoro mbele ya mlango wangu palikuwa peupe, na nilipatazama nikajipongeza kama mjinga.

Lililobaki lilikuwa dirisha la sebuleni. Kioo chake kilipasuka mwezi wa tano, jiwe lilirushwa na tairi la semi. Nilikuwa nimetundika pazia tu. Pazia nalo nikalifua.

Wakafika kwa bajaji. Mzee Jastin akashuka wa kwanza, mrefu, koti la kanisani, kofia mkononi. Akafuata shangazi Restuta, macho yake tayari yako juu ya paa langu. Halafu Ruti.

Alikuwa na begi moja dogo begani. Eva hakuwepo.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa," akasema Ruti.

Habari za hapa! Mke wangu wa miaka tisa ananisalimia kama mteja aliyekuja kuuliza bei ya turubai.

"Nzuri," nikasema. "Eva yuko wapi?"

"Kwa bibi yake. Amepona kifua. Hatukutaka kumrudisha kwenye vumbi kabla hatujaona."

Nikageuka kuwakaribisha barazani, na hapo ndipo nilipoyaona. Mlangoni kwangu, wakati mimi niko uani nafua pazia, mtu alikuwa amepanga madumu saba matupu kwa mstari, vifuniko vimefunguliwa, midomo wazi juu.

"Haya nayo?" akauliza shangazi.

"Ya balozi," nikasema. Huo ulikuwa ukweli.

"Balozi anaweka madumu yake mlangoni kwako?"

"Ni utaratibu wa mtaa, shangazi."

Wakakaa kwenye viti vya barazani, migongo yao kwenye dirisha la sebuleni. Ruti hakuingia ndani. Alikaa pembeni ya baba yake, begi mapajani, kama abiria. Nilileta chai ya chupa. Mzee Jastin akapuliza kikombe, akageuza shingo taratibu.

"Hili dirisha halina kioo."

Hapo ningeweza kusema ukweli. Tairi, jiwe, basi. Lakini ukweli wa dirisha ungeleta habari ya malori, na habari ya malori ingeleta kikohozi cha Eva.

"Balozi amekipeleka kwa fundi, baba. Anabadilisha vioo vya mtaa mzima."

"Ahaa," akasema mzee.

"Na malori?" shangazi akaangalia barabara tupu. "Ruti alituambia yanalala hapa mlangoni."

"Siku hizi hayapo. Balozi ameyahamisha."

Ruti alininyanyulia macho kwa mara ya kwanza. Alikunywa chai.

"Huyu balozi wenu," akasema shangazi Restuta, "ana kazi nyingi."

Sijui kwa nini Mungu ananisikiliza haraka pale tu ninaposema uongo. Kabla sijajibu, ardhi ikatetemeka. Vikombe vikagongana kwenye sahani. Semi la magurudumu ishirini na mbili likakata kona, likasimama mlangoni kwangu kwa pumzi ndefu ya breki, na vumbi lote la Mwinuko likapanda barazani bila hodi. Shangazi akafunika chai kwa kiganja. Mzee Jastin akafunika kwa kofia.

Dirisha la semi likashuka. Dereva mmoja ninayemfahamu, Luka, akatoa kichwa.

"Fundi! Samahani sana kaka! Najua ulisema tusisimame hapa mpaka wakwe zako waondoke, ila huko mbele wametusogeza!" Akawaona. Akavua kofia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema mzee Jastin, kwa adabu zake zote, vumbi likiwa kwenye nyusi.

Nilitaka ardhi inimeze, lakini hata ardhi ya Mwinuko haina nafasi, malori yameijaza.

"Kwa hiyo balozi hakuyahamisha," akasema shangazi.

Na kana kwamba ameitwa, balozi Clever akatokea kwenye kona ya nyumba, amevaa shati lililochanika bega. Mimi namjua, ana mashati mazuri sita. Nyuma yake alikuwa binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, kizibao cha kijani, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi.

"Karani, na hapa ndipo kwa Bashi-Eva!" balozi alitangaza kwa sauti ya msibani. "Huyu bwana mnayemuona hapa anateseka! Analala na vumbi, anaamka na vumbi. Mtoto alikohoa mpaka tukadhani tutazika. Mke alimkimbia! Maji hayajui! Mtazameni alivyokonda!"

"Balozi," nikasema.

"Usione aibu, mwanangu. Sema shida zako."

"Balozi, hawa ndio wakwe zangu."

Balozi aliwaangalia. Akaona koti la kanisani. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye akampa mzee Jastin mkono na kusema, "Poleni sana, mzee. Poleni kwa kijana wenu."

Mzee Jastin aliupokea ule mkono. Nadhani aliona ni pole ya haki.

Binti akajitambulisha. Anaitwa Goodness, ametoka Mbeya, anafanyia kazi watu wa utafiti. Alisema anataka kujua watu wa mjini wanayaonaje maisha yao wenyewe. "Hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi," akasema, na balozi akatikisa kichwa kwamba lipo.

"Kaya hii ina watu wangapi wanaolala hapa?"

Swali jepesi kabisa. Lakini Ruti alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, na begi mapajani. Ningesemaje mmoja mbele yake? Kusema mmoja ni kama kumfukuza kwa mdomo wangu.

"Watatu," nikasema. "Mimi, mke wangu, na mtoto."

Goodness akabonyeza. "Mimi siruhusiwi kuchagua wa kumhoji. Mashine inachagua yenyewe kati ya watu wazima, kama kura." Akasubiri. "Imemchagua mama."

Ruti akaweka kikombe chini.

"Mimi?"

"Ndiyo, mama. Tutaongea wawili tu ndani, wengine wabaki nje. Ndio utaratibu."

Ruti alisimama. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi na moja akavuka kizingiti cha nyumba yake, tena kwa kuitwa na mgeni. Mlango ukafungwa. Nilisikia kiti kikivutwa, sauti ya Goodness, halafu sauti ya Ruti, fupi.

Hazikuisha dakika mbili. Mlango ukafunguliwa. Ruti alitoka, akarudi kwenye kiti chake, akalichukua begi lake tena.

"Baba, samahani," Goodness akaniambia. Alikuwa na aibu kuliko mimi. "Mama anasema hajalala hapa wiki kumi na moja, na mtoto vilevile. Kwa utaratibu wangu siwezi kuwahesabu. Lazima nirekebishe." Akabonyeza mara mbili, akasoma kwa sauti, nadhani kwa mazoea tu. "Kaya hii ina mtu mmoja."

Nimetukanwa na madereva wa mataifa sita. Nimechomwa sindano ya turubai mpaka ikatokea upande wa pili wa kidole. Hakuna kilichoniuma kama sentensi ile.

"Kwa hiyo," akaendelea, "wa kuhojiwa ni wewe."

Nikaingia. Nilipokuwa napita, balozi aliniegemea sikioni. "Sufuri," akanong'ona. "Akikuuliza chochote, sema sufuri."

Tulikaa sebuleni, mimi nimelipa mgongo dirisha. Nyuma ya pazia nilimsikia mzee Jastin anakohoa. Kioo hakuna. Wanasikia kila kitu, na mimi nilijua wanasikia. Naliandika hili kwa sababu kuna watakaosema kwamba nilijisahau. Sikujisahau. Niliingia na mpango wangu: kusema maisha ni mazuri, kwa sauti kubwa, mpaka wasikie. Bomba la mtaa lingejijua lenyewe.

"Fikiria ngazi yenye vipandio kumi," akasema Goodness. "Juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyapata. Chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe leo umesimama kipandio cha ngapi?"

"Tisa!" Nilisema kwa sauti ya mnada.

Nje mtu alipaliwa na chai. Nadhani balozi.

"Tisa," Goodness akaandika. "Na ni nini hasa kinachofanya iwe tisa?"

Hilo sikulitegemea. Nilijua atauliza namba. Sikujua kwamba namba ina maelezo. Nikaangalia sebule yangu. Nilitafuta kitu kimoja cha kutaja. Kochi limefunikwa shuka. Kalenda iko mwezi wa tano, kwa sababu Ruti ndiye aliyekuwa anaigeuza. Viatu vya Eva vya shule vimekaa chini ya meza, jozi iliyosahaulika, na nilikuwa nimevifagia pembeni asubuhi ile ile bila kuthubutu kuviokota.

"Baba?"

"Futa," nikasema.

"Nifute nini?"

"Hiyo tisa. Futa."

"Niandike ngapi?"

"Andika mbili."

Akafuta, akaandika. Hakushangaa. Inaonekana hata Mbeya wapo wanaofuta. "Ni kwa sababu ya vumbi? Malori? Maji? Nina orodha hapa, unaweza kuchagua."

"Soma."

Akasoma. Maji, barabara, kelele, takataka, usalama, huduma za afya, mengineyo.

"Mengineyo," nikasema.

"Inabidi utaje."

Nikataja. Sauti yangu ilishuka yenyewe, lakini kile kisebule hakina siri.

"Vumbi nalifagia. Honi nimezizoea, siku hizi zikinyamaza ndio nashtuka. Mke wangu akiwa hapa, dada, mambo yote hayo yalikuwepo, na ungeniuliza ningekwambia saba. Nane siku za Jumapili. Nilikuwa narudi na vumbi mpaka kwenye meno, nakuta mtu mlangoni ananiuliza mbona umechelewa. Ananigombeza. Tunagombana habari ya vumbi mpaka chakula kinapoa. Mimi nikidhani hizo ni kero."

Goodness aliacha kubonyeza.

"Na maji," nikasema. "Nitakwambia habari ya maji. Miaka tisa sijawahi kujua foleni ya bomba ikoje. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka saa kumi. Akiniomba nimsindikize, nageukia ukutani, nasema maji ni kazi ya wanawake. Wakati wa baridi pia. Akiwa na mimba ya Eva pia. Alipoondoka nikasema kakimbia malori. Nimewaambia watu wote hapa mtaani, kakimbia malori. Hakukimbia malori. Malori aliyavumilia. Amenikimbia mimi niliyekuwa nimelala."

Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu. Sikuwa nimejiambia hata mwenyewe. Wala sikuona haya, maana lilikuwa limeshatoka.

"Sasa nachota mwenyewe," nikasema. "Leo nimeamka saa kumi. Nimedanganya wageni tangu wamefika, nimemsingizia balozi kila kitu mpaka kioo. Lakini maji si uongo. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna madumu mawili yamejaa. Nimeyachota kwa mikono hii, kwa ajili ya baba yake. Hicho ndicho kitu pekee cha kweli kwenye nyumba hii leo. Andika hicho."

"Hakuna sehemu ya kuandika hicho," akasema Goodness taratibu. Halafu akasema, "Nimekisikia."

Akafunga kishikwambi. Akanishukuru, akatoka.

Mimi nilibaki kidogo nikijifuta uso kwa pindo la pazia. Semi la Luka lilikuwa limezima injini, na nina wasiwasi Luka naye alisikia.

Nilipotoka barazani, shangazi Restuta alikuwa anaangalia ukucha wake. Mzee Jastin alikuwa anaangalia kofia yake. Balozi hakuwepo kwenye nafasi yake. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, mjinga mimi.

Ruti alikuwa amesimama.

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuweza kuusoma uso wake, na hata leo nikiukumbuka siuwezi. Kisha akafanya kitu ambacho nilikuwa nimekiomba kwa magoti wiki kumi na moja. Aliliweka begi chini. Hakulitundika begani, wala hakulisogeza upande wa bajaji. Aliliweka chini, karibu na mlango.

"Jagi liko wapi siku hizi?" akauliza.

"Pale pale ulipoliacha," nikasema.

Akaingia ndani.

Shangazi Restuta akakaza kanga kiunoni. Mzee Jastin alivuta pumzi, akainuka taratibu, akalikung'uta koti lake vumbi. Akampa shangazi kofia amshikie. Kisha akasogea mlangoni, akasimama mbele ya kizingiti changu, akakunja mikono ya koti mara moja, mara mbili, akanyoosha viganja mbele.

Nilisikia kabati linafunguliwa. Nilisikia beseni likiguswa. Nilikuwa nalia, msomaji, sitaki kukuficha, nalia huku nacheka, na Goodness aliyekuwa anafunga kamba za viatu pale ngazini alinitazama akatabasamu.

Kisha nikasikia mlango wa jikoni. Kisha sauti ya dumu kuburutwa sakafuni.

Dumu lililojaa haliburuzwi hivyo. Lililojaa linakwaruza. Hili lilikuwa linaruka.

Ruti akatokea mlangoni. Mkono mmoja ameshika jagi kavu. Mwingine ameshika dumu kwa kidole kimoja, ameligeuza juu chini, na mdomo wake hautoi hata tone.

"Yote mawili," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Lwitiko, haya maji uliyomwambia yule dada yako wapi?"

Niliangalia mstari wa madumu ya mlangoni. Yalikuwa saba asubuhi. Sasa yalikuwa matano; mawili yalikuwa yamehamia jikoni kwangu, mahali pa yale yaliyojaa.

Nikageuka. Kule kwenye uzio wa jirani, karibu na njia ya uani inayopita nyuma ya jikoni yangu, balozi Clever alikuwa amesimama na shati lake la kuonyesha shida, miguu ya suruali imelowa mpaka magotini. Alipoona namtazama alinipa dole gumba, kwa furaha, kama mtu aliyeniokoa.

Nikafungua mdomo kujibu. Neno lililokuwa mbele ya ulimi, neno la kweli, neno pekee nililokuwa nalo, lilikuwa lile lile nililolitumia kutwa nzima.

"Balozi," nikasema.

Shangazi Restuta akafunga macho.

Na mzee Jastin alikuwa bado amesimama kwenye kizingiti changu, amenyoosha viganja viwili vikavu, anamsubiri binti yake aamue.